Picha ya Ujiji: Fani Imemeza Watu

Hebu tuanze na mtihani mdogo. Siku moja, huko Tabora, mwalimu wetu wa historia alitufunulia picha kitabuni akauliza, "Hawa ni nani?" Darasa zima likajibu kwa pamoja: Stanley na Livingstone. Akauliza tena, "Na hawa wengine?" Kimya. Mwandishi wa makala haya naye alinyamaza.

Picha yenyewe wengi wetu tunaijua. Wazungu wawili wanaamkiana kwa kofia mkononi. Nyuma yao umati, vilemba na kanzu upande huu, wapagazi na bendera ya Marekani upande ule. Gazeti la Illustrated London News liliichapa Agosti 1872 kwa maelezo aliyoyatoa Stanley mwenyewe. Mwaka huohuo mchoro wa tukio lilelile ukaingia katika kitabu chake, How I Found Livingstone.

Kwa upande wa fani, tusiwe wachoyo: picha imepangwa barabara. Kila kitu kinavuta jicho katikati, na umati umesimama kama ua uliozunguka nyumba. Lakini hapo ndipo penye kasheshe. Ukisoma kitabu, unakuta ua huo una midomo. Waliotangulia kumlaki Stanley ni Susi na Chuma, watumishi wa daktari, tena walimwamkia kwa Kiingereza. Msafara wake nao ulikuwa na nahodha, Sidi Mubarak Bombay, ambaye njia hii alishaipita na Burton na Speke mwaka 1857. Ndani ya maandishi Bombay anagombezwa, anapigwa, anajibu. Stanley hakuwa rafiki wa watu hawa, ila kalamu yake ilishindwa kuwanyamazisha. Mchoro uliweza.

Wapo watakaosema, "Bwana wee, picha moja itabebaje majina yote hayo?" Hoja hii ina uzito. Hata wachongaji wa London, waliokata michoro ya magazeti kwenye vipande vya mbao ili ichapwe, wengi wao hawakutajwa. Mwenye gazeti alitaka mali iuzike Jumamosi, basi. Hata hivyo mchongaji hakuwa sehemu ya habari, Susi alikuwa. Kumfanya mhusika awe pazia la nyuma si suala la nafasi, ni msimamo.

Na sisi wa Tabora tunaguswa zaidi. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia iliyotoka Bagamoyo na kupita Unyanyembe. Stanley alitoka pwani Machi 1871 akafika kwetu Juni, mizigo ikiwa mabegani mwa watu, mmoja hadi ratili 70. Bila mabega hayo hakuna mkutano, na bila mkutano hakuna picha. Mwaka 1873 Susi na Chuma walipita tena Unyanyembe na wenzao, safari hii wakibeba maiti ya Livingstone kuipeleka pwani.

Wachoraji hatujakosa. Chakubanga wa gazeti la Uhuru na wahusika wa Sani walituonyesha kwamba mtu wa kawaida hupewa jina, sura na maneno, na msomaji akanunua gazeti kwa ajili yake. Basi nani atatuchorea Ujiji akianzia kwa Susi? Siku mwalimu atakapouliza tena, darasa lisikae kimya.