Maleba ya Warusi na Mtumwa wa Dhahabu

Nguo ikitoka kwao ikaenda ugenini, hubadilika maana kama vile neno libadilikavyo, hata pengine yule aliyeivaa kwanza asiitambue tena. Jambo hili nataka kulipima katika habari ya maleba, yaani mavazi ya wachezaji wa jukwaani, ambayo mataifa ya siku hizi huazimana na kuonyeshana katika nyumba za makumbusho. Wengi huyasifu maonyesho ya namna hii kuwa ni njia ya mataifa kujuana. Nami nayasifu, walakini yafaa tuulize ni nani ajulikanaye kwa njia hiyo, na ni nani abakiaye gizani.

Mfano wangu ni kundi la Warusi lililoongozwa na Sergei Diaghilev. Mwaka 1909 aliwaleta wachezaji wake mjini Paris, wakacheza baleti, yaani ngoma isimuliayo kisa kwa mwendo wa mwili pasipo maneno. Kundi hilo lilidumu hata Diaghilev alipofariki mwaka 1929. Mavazi yake yakatumiwa na makundi mengine, yakakaa masandukuni, hata mwisho yakauzwa mnadani London. Leo mengi yamo katika Victoria and Albert Museum ya mji huo. Mengine yalinunuliwa mwaka 1973 kwa ajili ya nyumba ya sanaa ya taifa huko Canberra, nchi ya Australia. Mwaka 2010 nyumba zote mbili zilifungua maonyesho makubwa, na mwaka 2014 mavazi ya Canberra yalipelekwa Tokyo. Basi tazama safari hiyo: vazi lililobuniwa na Mrusi lilichezewa Paris, likauzwa London, likatunzwa Australia, likatazamwa na Wajapani.

Faida ya maonyesho hayo ni kubwa. Picha huonyesha rangi, lakini nguo yenyewe huonyesha kazi. Mtu akiinama atazame vizuri, huona mshono, kiraka na alama za jasho. Na ndani ya bitana za baadhi ya mavazi yamo majina ya wachezaji yaliyoandikwa kwa wino, jina hili juu ya lile, kwa kuwa vazi moja lilivaliwa na watu wengi mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo tunapokumbuka kwamba uzuri ule wote ulichukuliwa mabegani mwa watu wenye kuchoka.

Lakini maleba yakivikwa sanamu isiyotikisika hupoteza nusu ya usemi wake, kwa kuwa yalikatwa kwa ajili ya mwili unaoruka. Waonyeshaji walilijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1954 Richard Buckle alipotengeneza maonyesho ya habari za Diaghilev, kwanza Edinburgh na kisha London, alinyunyiza manukato vyumbani ili watazamaji wapate kuhisi anasa ya zamani zile. Ulikuwa werevu, ila manukato huongeza uchawi wa jambo, hayaongezi maarifa yake.

Sasa na tuje kwenye mchezo uitwao Schéhérazade, uliochezwa Paris mwezi wa Juni mwaka 1910. Asili yake wasomaji wetu waijua, maana ni kile kisa cha kwanza cha Alfu Lela Ulela: mfalme ajifanya kwenda kuwinda, wake zake wamhonga towashi awafungulie watumwa milango, mfalme arudi ghafula, na wote wauawa. Mavazi yalibuniwa na Léon Bakst. Aliyecheza mtumwa mkuu, aitwaye Mtumwa wa Dhahabu, alikuwa Vaslav Nijinsky, mtu wa Ulaya, aliyepakwa rangi mwilini na kuvikwa suruali pana ya kung'aa na vito. Watu wa Paris walishangilia mno. Upesi vilemba na suruali pana vikawa mtindo wa mabibi wa mjini, na mwaka 1911 mshoni mashuhuri Paul Poiret alifanya karamu aliyoiita ya Usiku wa Elfu na Mbili, wageni wake wakavaa kama Waajemi.

Hapa ndipo msomaji wa pwani yetu hana budi kusimama. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 sheria ya huko iliacha kuutambua utumwa. Lakini Tanganyika haukufutwa kwa sheria hata mwaka 1922. Maana yake, usiku ule mtumwa wa dhahabu aliposhangiliwa Paris, watumwa wa kweli walikuwa wangali wakilima mashamba ya wenyewe upande huu. Nao hawakuvaa vito. Mavazi yao yalikuwa merikani na kaniki, kichwa wazi na miguu mitupu. Na huko Unguja, wanawake walipopata uhuru, moja ya mambo waliyoyafanya ni kuiacha kaniki na kujifunga kanga za rangi, ili kila awaonaye ajue kwamba hawana bwana tena. Huku kwetu vazi lilikuwa tangazo la uhuru. Kule lilikuwa pambo la utumwa.

Mtu atasema, mchezo ni mchezo, na Bakst hakudai kuandika historia. Ni kweli, wala simlaumu kwa ufundi wake, ambao ni mkubwa. Tena Warusi hao waliweza kufanya kwa namna nyingine. Nicholas Roerich, aliyebuni mavazi ya mchezo wa mwaka 1913 uitwao kwa Kifaransa Le Sacre du printemps, alikuwa mtu aliyezisoma sana mila na vitu vya kale vya Warusi. Nguo zake zatoka katika kuwajua watu. Nguo za Schéhérazade zatoka katika kuwawazia watu. Zote mbili zaweza kusimama katika chumba kimoja na kupendeza sawasawa, na macho peke yake hayatazitenga.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: maonyesho ya maleba huwajulisha watu kwa kweli pale tu mwonyeshaji anapoandika kando ya vazi habari za watu watatu, yaani aliyelibuni na kulishona, aliyelivaa, na yule aliyeigizwa. Kibao kikitaja jina la msanii na mwaka tu, mtazamaji atarudi kwake akidhani ameiona Mashariki, kumbe ameiona Paris.

Wenzangu walimu, shule zetu nyingi hukusanya nguo za wazee na ngoma za watoto kwa ajili ya siku ya wageni. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenyeji asipone kwa kusifiwa tu. Kabla ya kuitundika kaniki ukutani, mwite bibi mmoja wa kijiji aeleze mbele ya wanafunzi ilivaliwa na nani, na kwa nini watu waliiacha. Nanyi yaandikeni maneno yake kwa Kiswahili chake mwenyewe, myaweke chini ya nguo hiyo.