Jina linasafiri, rangi inabaki nyuma

Wandugu, hapa tumezoea kuchambua vitabu, nyimbo na hotuba za wakubwa. Leo mimi nataka kuchambua orodha. Iko ndogo, imefichwa, na wengi wetu tunaitumia kila siku bila kujua inakaa wapi: orodha ya kategoria ndani ya Outlook. Zile rangi unazobandika juu ya barua pepe ili ujue kwamba hii ni ya mémoire, hii ni ya stage, hii ni ya pesa ya utafiti, hii bado haijajibiwa.

Shida yenyewe wengi mnaijua. Mashini imechoka, ama faili ya barua imejaa. Faili za mtindo wa zamani, kabla ya Outlook 2003, zilikuwa zinaishia GB 2. Zile za 2003 na 2007 zilifika GB 20, na tangu 2010 kikomo cha kawaida ni GB 50. Basi unatengeneza faili mpya ya PST, unahamisha kila kitu, unangoja, unaona kazi imeisha. Barua zimefika, viambatisho vimefika, tarehe ziko sawa. Lakini ukurasa wote umekuwa mweupe. Rangi hakuna. Ukifungua barua moja unaona jina la kategoria lingalipo, ila pembeni programu inakuambia kwamba jina lile haliko katika orodha kuu.

Watu wanasema, “Kategoria zimefutika.” Mi nasema apana. Hazikufutika, ziligawanywa vipande viwili tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyekuambia.

Iko hivi. Kila barua inabeba jina la kategoria yake kama maandishi tu. Ukiandika “Mémoire sura ya 2”, maneno yale yanashonwa juu ya barua na yanaenda nayo popote inapoenda. Rangi haiko juu ya barua. Rangi inakaa katika orodha kuu, na ile orodha ni kitu kilichofichwa ndani ya faili kuu ya data, katika folda ya kalenda. Ndiyo, kalenda. Usiniulize juu ya nini. Ndani yake kila kategoria ina mstari wake: jina, nambari ya rangi kuanzia 0 mpaka 24, ama -1 kama haina rangi, njia ya mkato ya kibodi kama uliichagua, hata hesabu ya mara ngapi umeitumia. Fikirieni hilo kidogo: programu inahesabu mara ngapi ulibandika “Dharura”, lakini siku ya kuhama haisemi neno kwamba orodha haitakufuata.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Mpaka Outlook 2003, orodha haikukaa hata ndani ya faili ya barua. Ilikuwa katika rejista ya Windows, maana yake ilikuwa mali ya mashini. Ukibadilisha mashini, kwaheri. Mwaka 2007 Microsoft iliiingiza ndani ya faili ya data na kuipa rangi. Ilikuwa hatua nzuri, lakini njo pale walisimama katikati ya njia: anayeibeba faili nzima anaibeba na orodha, na anayetoa barua kutoka faili moja kwenda ingine anaacha orodha nyuma.

Dawa ipo, na haihitaji mega hata moja. Upande wa kushoto, pale jina la faili yako limeandikwa juu ya folda zote, bonyeza kwa kitufe cha kulia cha panya, fungua sifa za faili ya data, na utaona kitufe kinachoitwa Upgrade to Color Categories. Ukikibonyeza, programu inapitia vitu vilivyomo ndani ya faili, inasoma majina yaliyoshonwa juu yao, na kila jina lisilojulikana linaingizwa katika orodha. Kama majina ni matatu au manne tu, unaweza kufungua barua yenyewe, kuingia katika kategoria zote, na kuyaongeza kwa mkono.

Sasa angalieni jina la kitufe kile. Mtu aliyepoteza kitu hatafuti “kupandisha daraja”. Anatafuta neno kama kurudisha, kufufua, kuleta. Jina lile linaeleza shida ya mwaka 2007, wakati watu walikuwa wanatoka katika kategoria zisizo na rangi kwenda katika zenye rangi. Shida ile ilishaisha, kitufe kikabaki na jina lake la utoto. Mimi naona hapa kosa lenyewe la uandishi, sawa na kitabu chenye sura nzuri iliyopewa kichwa cha sura ingine. Mfundi aliyekitengeneza anakielewa. Msomaji anapita mbele yake mara kumi bila kukiona.

Na dawa ile ina mpaka. Inarudisha majina. Rangi ulizozichagua wewe hazirudi, kwa sababu barua haikuzibeba kamwe. Mtu atasema, “Rangi ni urembo tu, tuachie.” Hapa ndipo mimi sikubaliani kabisa.

Chukueni ofisi ndogo ya utafiti, ya aina ambayo wengi wetu tunaanzia kazi. Msaidizi anapokea barua kutoka vijiji na machimbo. Wengine wanaomba majina yao yasitajwe. Anaweka kategoria, anaipa nyekundu, na kila mtu katika biro anajua: nyekundu haitumwi mbele kwa mtu yeyote. Hakuna aliyeandika sheria ile mahali popote. Nyekundu ndiyo ilikuwa sheria. Msaidizi anapata kazi kwingine, anaondoka, na mrithi wake anapewa mashini mpya na barua zote 6000 nyeupe. Kama kategoria iliitwa “Usitaje jina”, Mungu asifiwe, jina lingalipo na atalielewa. Lakini kama iliitwa vile programu ilivyoiita yenyewe, je?

Maana Outlook inakuja na kategoria 6 tayari, na majina yake ni rangi zenyewe: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, bluu, zambarau. Mara ya kwanza ukitumia moja, inakuuliza kama unataka kuibadilisha jina. Wengi tunabonyeza apana, ju tuna haraka. Kwa hiyo barua inabeba maneno “Kategoria nyekundu” na basi. Katika faili mpya kunakuwa na Kategoria nyekundu ingine, ile ya kiwandani, na pengine mwenye mashini mpya ameshaanza kuitumia kwa ankara za mafuta ya jenereta. Programu inalinganisha majina, hailinganishi maana. Barua za watu walioomba siri zinaingia katika fungu moja na ankara za mafuta, na hakuna onyo lolote.

Kwetu huku Congo kuna kipande kingine cha shida ile. Mashini moja ina programu ya Kifaransa, ingine ni ya okazioni na programu yake iko kwa Kiingereza. Barua zilizotoka katika ya kwanza zimeandikwa “Catégorie rouge”. Orodha ya mashini ya pili inajua “Red Category”. Mtu anayesoma lugha zote mbili anaona ni kitu kimoja. Programu inaona majina mawili yasiyo na undugu. Sisi tunaoamka kwa Kiswahili, tunasoma kwa Kifaransa na kutafuta kazi kwa Kiingereza, tunalipa kodi ile bila kujua.

Sitaki kuwa mchambuzi wa kuponda tu. Kushona jina juu ya barua ulikuwa uamuzi mzuri, na njo unaofanya dawa iwezekane. Tulinganishe na Thunderbird, programu ya bure ambayo wengi wenu mnayo. Ile inakuja na alama 5 za mwanzo, na barua inabeba ufunguo tu, kama $label1. Jina na rangi ya alama vinakaa katika faili ya mipangilio ya mtumiaji. Ukihamisha barua bila mipangilio, na ulikuwa umebadilisha jina la alama ya kwanza kuwa “Mahojiano”, upande wa pili barua inasema $label1 na inasomwa tena kama “Muhimu”. Hapo Outlook inashinda: inapoteza rangi, lakini neno lako inaliacha salama. Gmail, iliyoanza 2004, ina njia yake: lebo ziko kwenye seva, kwa hiyo kubadilisha mashini hakuzigusi, na ukichota barua zako zote kwa Takeout, kila barua inakuja na mstari unaotaja lebo zake kwa maneno. Rangi hata pale haiko katika mstari ule. Kwa hiyo tusiseme ni ugonjwa wa nyumba moja.

Maktaba zilikutana na swali hili kabla ya sisi sote. Melvil Dewey alitoa mpango wake wa nambari mwaka 1876, na mpaka leo kitabu chenye 967.51 mgongoni ni kitabu juu ya historia ya Congo yetu. Ukikitoa Lubumbashi ukakipeleka Nairobi, nambari inasomeka, kwa sababu jedwali la kuifafanua haliko ndani ya kabati moja. Limechapishwa, liko kwa kila mkutubi. Orodha yangu ya kategoria ni kinyume: jedwali ni moja tu duniani, na liko ndani ya kabati lile lile ninalolihama. Mimi sidai kila mtu awe Dewey. Ninachodai kwa waliotengeneza programu ni sentensi moja wakati wa kuhamisha: “Orodha ya kategoria haitakwenda na barua, je, tuibebe?” Wanajua tayari kwamba haitakwenda. Kitufe chao cha kurekebisha ni ushahidi.

Kwa upande wetu, wadogo zangu mnaoandaa mémoire sasa, kuna kazi ya dakika kumi. Msitumie rangi iliyo uchi. Ipeni jina ambalo mtu asiyewajua angelielewa: “Jibu kabla ya tarehe 15”, “Usitume mbele”, “Imeshanukuliwa sura ya 3”. Jina refu linaonekana baya kwenye skrini, lakini njo peke yake litakalofika ng'ambo.

Na kama mashini ya zamani bado inawaka, msiifute leo. Fungueni orodha ya kategoria, mpige picha kwa simu, majina pamoja na rangi zake. Kama faili ya zamani ni nzima na haijajaa, acheni habari ya kuhamisha barua moja moja: ichukueni ile faili yenyewe, ifungueni katika mashini mpya kama faili kuu ya data. Orodha itakuja ndani yake, katika kalenda, pale pale ilipokuwa imejificha.