Samoni wa Pasifiki: Anza Mkiani, Rangi Iache Mwisho

Mvuvi wa ndoano kwenye mto Fraser, Kanada, akishamvuta samoni hadi ubavuni mwa mashua hana muda mrefu wa kuamua. Kanuni za msimu zinaweza kumruhusu aina moja na kumtaka aiachie nyingine ikiwa hai. Ugumu ni kwamba Chinook, coho, sockeye, chum na pink wote hung'aa kama fedha wakiwa baharini. Rangi huja wakati wa kutaga: sockeye huwa mwekundu mwenye kichwa cha kijani, chum huchorwa michirizi ya zambarau, na pink dume huota nundu mgongoni.

Kwa hiyo anza mkiani. Madoa makubwa yenye umbo la yai ni ya pink. Madoa madogo juu na chini ni ya Chinook; yakiwa upande wa juu tu, ni coho. Thibitisha kinywani: ufizi wa Chinook ni mweusi, wa coho ni mweupe pale meno yanapoota.

Mkia usio na madoa huacha wawili, sockeye na chum. Mkia wa chum una mistari ya fedha. Wa sockeye hauna. Kama samaki ameshakufa, funua shavu utazame vichujio vya kwenye matamvua. Vya sockeye ni vyembamba, virefu na vimesongamana, kwani yeye huchuja planktoni. Vya chum ni vifupi, vinene na vichache zaidi.

Vifaranga nao hubeba alama za maisha yao. Coho hukaa mtoni mwaka mmoja au zaidi, na mabaka ya wima ubavuni humficha asionekane na maadui. Kifaranga wa pink hana mabaka hayo, maana akitoka kwenye changarawe huelekea baharini moja kwa moja. Hurudi akiwa na miaka 2, hutaga, kisha hufa. Ndiyo maana pink wa miaka shufwa na wa miaka witiri hawazaliani hata wakitumia mto mmoja. Katika Fraser, wengi hurudi miaka witiri, kwa hiyo kalenda nayo ni kipimo.

Mchunguze samaki angali majini. Ukiwa na shaka, mwachie.