Ufundi wa Kusema Kweli kwa Milinganyo

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, Hilding Elmqvist aliwasilisha tasnifu ya uzamivu iliyobeba lugha mpya ya kompyuta, Dymola. Wazo lake lilikuwa la kijasiri: mhandisi aandike milinganyo ya fizikia kama anavyoijua, na kazi ya kupanga kipi kikokotolewe kwanza iachiwe kompyuta. Wazo hilo ndilo lililozaa Modelica mwaka 1997, ambayo leo hutumika kuunda modeli za magari, mitambo ya umeme na mifumo ya kupoza majengo. Naisifu kazi hii kwa sababu inamdai fundi aseme lililo kweli kabla ya kusema la kufanya.

Chukua rezista. Sheria ya Ohm yasema volteji ni ukinzani mara mkondo. Katika programu za kawaida, alama ya sawasawa ni amri: kokotoa cha kulia, kiweke kushoto. Anayejua volteji huandika programu ya kutafuta mkondo. Anayejua mkondo huandika nyingine. Katika Modelica, v = R*i huandikwa mara moja, na rezista ileile ikafaa kote kuwili, kwa kuwa sheria yenyewe haikusema kipi kitangulie. Ndiyo maana waliozoea programu nyingine hutatizika mwanzoni. Wanatafuta mstari unaotekelezwa kwanza, nao haupo.

Uzuri wake huonekana zaidi kwenye maungio. Ncha tatu za waya zikikutana, huzaliwa milinganyo mitatu: miwili inayosema volteji zake ni sawa, na mmoja unaosema mikondo yake ikijumlishwa ni sifuri. Sheria za Kirchhoff za mwaka 1845 zimo humo, wala hakuna anayelazimika kuziandika upya. Mabomba ya maji nayo hufuata utaratibu huo: kanieneo ni moja, na kinachoingia hulingana na kinachotoka.

Hata hivyo, kazi hii haina njia ya mkato. Fundi huhesabu: visivyojulikana vingapi, milinganyo mingapi? Tangu toleo la 3.0 la Modelica la mwaka 2007, idadi hizo mbili sharti zilingane ndani ya kila kijenzi chenyewe. Na hesabu ikitimia, bado kazi haijaisha. Unga kapasita mbili sambamba: umedhani kila moja ina volteji yake, kumbe waya umeshazifanya moja. Algorithi ya Pantelides ya mwaka 1988 huweza kuufichua uhusiano huo. Lakini ukisema moja inaanza na volti 5 na nyingine 3, hakuna algorithi ya kukuamulia ipi ni kweli. Itakubidi urudi kwenye saketi yenyewe, na hapo utagundua kwamba uliupuuza ukinzani mdogo wa waya.

Mgongano huo ni faida. Umeweka wazi dhana ambayo programu ya hatua kwa hatua ingeweza kuificha. Lugha hizi hazimpunguzii mtu wajibu wa kufikiri. Humwondolea mzigo wa kupanga hatua ili nguvu zake zote ziende kwenye ukweli wa kila kauli. Anayeandika hivyo huwaachia wenzake modeli inayoweza kujibu hata maswali ambayo yeye hakuyawaza, nao wakaisoma, wakaihoji na kuisahihisha mlinganyo kwa mlinganyo.