Mkomazi: Maswali Yaliyopita Mahakamani

Ukitoka hapa Njoro ukashika barabara ya Dar, ukapita Mwanga hadi Same, Mkomazi iko upande wako wa kushoto, nyuma ya milima ya Upare. Kesi ya wafugaji waliotolewa huko ilisikilizwa hapa hapa mjini, Mahakama Kuu ya Moshi. Ndiyo maana nashangaa kwamba watu wa mji huu niliowahi kuwasikia wakikitaja kitabu cha Dan Brockington, Fortress Conservation, hawafiki hata watano. Kilitoka 2002, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam ni miongoni mwa wachapishaji wake, kwa hiyo tusisingizie kwamba kiko mbali.

Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951. Wafugaji waliendelea kulisha humo, wengine kwa kibali, mpaka ilipofika 1988 wakawa wameondolewa wote. Mwaka 1994 baadhi yao wakaenda mahakamani. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufaa ikawakatalia kurudi: iliwaona Wamasai ni wageni waliowakuta Wapare.

Sidai kwamba kesi ndiyo iliyomzaa mtafiti. Ila ukisoma kitabu unaona maswali yake ni yale yale ya wadai: nani alikuwa akiitumia ardhi hii, ni kweli ng'ombe waliiharibu, na gharama ya kuwatoa watu kalipa nani? Wakati huo huo wanasayansi wa Royal Geographical Society walikuwa Mkomazi wakiorodhesha mimea, ndege na wadudu, na kitabu chao kikatoka 1999. Kuhesabu wadudu si dhambi, na orodha zile zina thamani yake. Lakini orodha haisemi mama aliyekuwa akiuza maziwa sasa anauza nini.

Hapo Brockington ananishika kabisa. Anawafuata wanawake wa Kimasai na maziwa yao, anaangalia kipato kilivyopungua baada ya mifugo kukosa malisho, anaangalia na minada. Kabla ya hapo nilidhani habari ya kufukuzwa ni ya wazee na mipaka. Kumbe nusu yake iko kwenye kibuyu.

Sura ya mwisho ndiyo chungu. Wanaharakati wengi, na wahifadhi wengi pia, hupenda kusema kwamba hifadhi isiyokubalika kwa wenyeji haitadumu. Ni hoja tamu, maana inaifanya haki na uhifadhi viende njia moja. Brockington anaitilia shaka: maskini wasio na nguvu wanaweza kupuuzwa miaka nenda rudi na hifadhi ikasimama vilevile, hasa ikiwa na wafadhili wa nje na hadithi nzuri ya nyika iliyookolewa. Na kweli, faru weusi waliletwa kutoka Afrika Kusini 1997, na leo Mkomazi ni Hifadhi ya Taifa. Jamani, hii siyo hoja ya kumfurahisha wakili wa wafugaji. Lakini mimi naiheshimu kuliko zote kitabuni, kwa sababu inawalazimisha watetezi kudai haki kama haki, bila kuahidi kwamba faru watanufaika.

Lawama yangu iko kwingine. Lugha ni ya tasnifu, na mfugaji mwenyewe mara nyingi anaonekana kwenye hesabu kuliko kusikika akisema. Tena neno la kwenye jalada, uhifadhi wa ngome, limesafiri. Vyuo vikuu duniani vinalitumia hata kwa mbuga ambazo Brockington hakuziandikia. Ila kwa Kiswahili kitabu sijakiona. Atokee basi mtu wa kutafsiri hata ile habari ya maziwa peke yake, ipelekwe Same na Kisiwani siku ya mnada, tusikie wauza maziwa watabisha wapi.