Maana na Kitu Kitajwacho

Kamusi ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, ni hazina, wala hatuidharau. Lakini yatupasa kuujua mpaka wake. Kamusi hueleza maana ya neno. Kitu chenyewe hukitaja msemaji. Dagaa ni samaki wadogo: maana ni moja. Walakini dagaa wa Kigoma ni wa ziwa letu, wa Mwanza ni samaki wengine, na wa Unguja hutoka baharini. Tena maneno mawili, yaliyo mbalimbali katika kamusi, huweza kutaja kitu kimoja. Mathayo asema bahari ya Galilaya, Luka ziwa la Genesareti. Maji ni yale yale. Asiyeijua tofauti hii atadhani Simoni alivua mahali pawili. Basi, walimu, mtoto akijibu neno kwa neno, tumwulize pia: Nani asema, na wapi?