Salongo ya Hiari
Muhumba, kule Ibanda mjini Bukavu, majumba ya enzi ya Wabelgiji yanatazama Ziwa Kivu. Lakini miteremko ya mji huo imejaa nyumba za mbao ambazo moto mmoja, au mvua ya usiku mmoja, huzimaliza. Anayembebea mjane mawe na mabati ya kujengea upya bila malipo anastahili pongezi kuliko watoa hotuba, nao hawapungui. Wapo watakaonung'unika kwamba salongo, yaani kazi ya pamoja ya umma, ilikuwa amri ya Mobutu. Kweli, ila mtu wa enzi ile alisukumwa, huyu wa leo amekuja mwenyewe. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kujenga tena mteremkoni ni kuwarudisha watu hatarini, na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilionyesha ukuta dhaifu unavyoua. Basi fundi anayelipwa apime msingi na mfereji kwanza. Wa kujitolea wabebe mchanga.